Morn wa Deep Space Nine: miaka saba kaunta, hajasema hata neno moja, na bado ndo mtu wangu

Mtoa mada:

Wakuu habari za jioni. Uzi mrefu huu, asiyependa kusoma apite tu tusigombane. Na kuna episodi moja nitaimwaga yote mwanzo mwisho, kwahiyo kama unapanga kuiangalia ishia hapa, ila ni ya 1998 jamani, kama hadi leo hujaiona sio kosa langu.

Mimi nauza spea Gerezani, nakaa Kimara, kwahiyo asubuhi na jioni nipo ndani ya mwendokasi, nikipata siti naangalia tamthilia, nikikosa nashika bomba mkono mmoja na simu mkono mwingine naangalia hivohivo. Dogo mmoja wa Kariakoo anayejaza watu muvi kwenye flashi akaniambia bro mpya zote umemaliza, chukua hii ya zamani iko kamili sizoni zote saba. Nikaichukua kwa kumuonea huruma tu. Picha ya miaka ya tisini, watu wana masikio kama sahani, nikasema hapa nimeliwa hela.

Kwa asiyeijua kwa kifupi tu. Ni Star Trek, lakini sio ile ya meli inayozurura, hii ni ya kituo cha anga kimekaa palepale, karibu na sayari ya Bajor ambayo ndo kwanza imetoka kutawaliwa kwa mabavu. Bosi wa kituo anaitwa Sisko, kacheza Avery Brooks, mweusi mwenzetu. Daktari kacheza Alexander Siddig, mzaliwa wa Sudan hapo. (Na Star Trek ndo hiyohiyo iliyoanza 1966 ikiwa na dada anaitwa Uhura, jina limetoka kwenye uhuru, neno letu hili hili. Sijui kwanini shuleni hatukuambiwa.) Kituoni kuna baa, ya jamaa mmoja mchoyo balaa anaitwa Quark, na kwenye hiyo baa, kwenye kaunta, kuna Morn.

Morn ni pande la mtu. Kichwa kama kiazi kikuu kilichochemshwa kikasahaulika kwenye sufuria, mikunjo mpaka kidevuni, hana unywele hata mmoja, macho madogo ya upole. Episodi ya kwanza Januari 1993 yupo. Tamthilia imefungwa 1999 yupo. Vita imekuja imeondoka, mabosi wamebadilika, kituo kimetekwa kimerudishwa, yeye yupo na glasi yake. Na kwa muda wote huo hajatamka neno. Sio kwamba ni bubu! Hapo ndo utamu ulipo. Wenzake wote wanalalamika kwamba Morn anaongea sana. Quark anasema akianza hanyamazi. Watu wanasimulia stori alizowapigia, ana ndugu wengi kupindukia, tena ni mchekeshaji. Sisi watazamaji tu ndo kila kamera ikifika mwamba ameshafunga mdomo, au ndo anataka kuufungua na mtu anamkatiza.

Wiki mbili za kwanza sikumuona kabisa, nilimchukulia kama friji ya pale baa. Wiki ya tatu nikaanza kumtafuta. Yaani Sisko anaongea mambo mazito ya vita, mimi namchungulia Morn kwa nyuma naona anafanya nini. Mara anatikisa kichwa, mara anaangalia glasi. Nikajikuta nacheka peke yangu pale Magomeni, mama mmoja akahamisha pochi.

Sasa hoja yangu ni hii. Watu wanasema mhusika anajengwa na anachosema na anachofanya. Huyu kajengwa na umbea. Kila unachojua kuhusu Morn umeambiwa na mtu wa tatu. Kuna siku habari za vita zimefika, tunaambiwa Morn alipagawa akamtwanga Quark na kiti akatimua uchi mpaka hekaluni akipiga kelele kwamba tumekwisha. Sisi hatukuona! Tumesimuliwa tu kama unavosimuliwa kijiweni tukio la jana yake, na kama unavojua tukio la kusimuliwa ndo linakaa kichwani kuliko la kuona, kwasababu kila mtu analichora mwenyewe.

Na sio pambo tu. Sizoni ya 6 mwanzoni, kituo kiko mikononi mwa adui, Kira, msaidizi wa Sisko, na wenzake wamekwama wana taarifa lazima imfikie Sisko, kwamba adui yuko mbioni kuondoa mabomu yaliyoziba ile njia ya mkato ya angani jirani na kituo, na jeshi lake la upande wa pili likipita tu vita imeisha. Nani anatoka pale bila kushukiwa? Morn. Anaenda kwao kumpelekea mama yake zawadi ya siku ya kuzaliwa, ujumbe umefichwa kwenye zawadi. Kaaga kapanda chombo kaondoka. Vita ya sayari chungu nzima imebebwa na mlevi wa kaunta na kifurushi cha mama yake, na hakuna aliyemsimamisha kwasababu nani anamsimamisha Morn?

Sasa twende kwenye episodi yenyewe. Sizoni ya 6, mwaka 1998, inaitwa "Who Mourns for Morn?". Inaanza Morn hayupo, kasafiri kibiashara. Quark kwa uchoyo wake kaweka picha ya mwanga ya Morn kwenye kiti chake, ile ya kutengenezwa na mashine ukiigusa mkono unapita, eti wateja wasione pengo. Yaani jamaa anajua kabisa kwamba kiti kile kikiwa wazi biashara inayumba. Halafu inakuja tanzia, chombo cha Morn kimekumbwa na dhoruba huko angani, kafariki.

Kinachofuata ni msiba wa Kiswahili kabisa wakuu, sijui waandishi walikaa Temeke. Watu wanakusanyika baa, kila mmoja na lake. Worf, yule mbabe ambaye hata kucheka hajui, anasema alikuwa anapigana naye mazoezi na atamkosa. Dax, mrembo wa kituo, anasema alimtaka Morn akamkataa. Morn! Kiazi kikuu kile kimemkataa Dax! Quark anatoa hotuba ya machozi, na hapohapo kwenye machozi anahimiza watu waagize kinywaji kwa heshima ya marehemu. Halafu anasema kiti cha marehemu kisikae bure, anamshika mteja mmoja wa Bajor aliyekuwa amesimama tu pale anamkalisha, kiti kisipoe.

Kumbukeni huyo mteja, nitarudi.

Baada ya hapo inatoka habari kwamba Morn mali zake zote kamuachia Quark. Na si unajua mirathi ikishatajwa. Anatokea mwanamke kwenye chumba cha marehemu, tena yuko ndani ya beseni la matope ambalo Morn alikuwa analalia, anasema mimi ndo mke, tuliachana ila changu nakidai. Wanatokea ndugu wawili wababe, marehemu alikuwa na deni letu. Anatokea mwingine kavaa kiheshima, marehemu alikuwa mwana wa mfalme na mali ni ya ufalme. Mwenye mzee aliyefariki Dar na kiwanja chake hapa ataelewa, yule mke wa siku ya matanga ambaye hakuna aliyewahi kumuona, na wale "wadai" wenye karatasi isiyo na tarehe. Nilikaa kwenye mwendokasi nikapitiliza Bucha, nikapitiliza na Korogwe, nikashtukia niko Kimara Mwisho.

Kumbe wote wanne ni wezi wenzake. Zamani sana walipiga tukio moja na Morn, wakaiba matofali 1000 ya latinamu (ndo hela ya huko), na Morn akatokomea nayo yote. Muda wa kisheria wa kushtakiwa ndo umeisha, kwahiyo sasa kila mtu anataka chake bila kuogopa jela. Yule mpole wa kaunta, miaka sita mnamcheka, ni jambazi mstaafu.

Wakakutana wote kwenye kugawana, kila mmoja anamsaliti mwenzake, risasi zikapigwa, Odo wa usalama akaja akawazoa wote. Quark akabaki na mzigo peke yake. Anashika tofali la dhahabu, anahisi ni jepesi, linavunjika mkononi linakuwa unga. Analia kwamba mtu kaichomoa latinamu yote kabaki na dhahabu isiyo na thamani. Ngoja niwaeleze hapa maana nililazimika kuwaza. Huko kwao wana mashine inatengeneza karibu kila kitu, chakula nguo dhahabu, unaiagiza inatoka. Latinamu ndo haiwezi kutengenezwa, kwahiyo ndo hela. Lakini latinamu yenyewe ni ya majimaji kama zebaki, kubeba ni shida, kwahiyo wanaifungia ndani ya dhahabu. Dhahabu ni ganda la pipi tu.

Mwisho anaingia Morn mwenyewe, mzima, kakaa kwenye kiti chake kama katoka msalani. Alijifanya kafa ili wale wenzake wamalizane wenyewe kwa wenyewe. Quark anafoka wee, Morn anamsikiliza, halafu anabana tumbo, anacheua, anatema kwenye glasi kitu kinang'aa. Latinamu. Miaka yote hiyo alikuwa kaificha kwenye tumbo lake la pili, na Quark kwa kuangalia tu anasema humo kuna kama matofali 100. Na ndo tunajua nywele zilimtoka kwa nini. Hata hapo, kafufuka, kamwaga siri ya maisha yake, hajasema neno!

Sasa yule mteja aliyekalishwa kwenye kiti. Nilikuwa nasoma soma mtandaoni nikakuta kwamba anayevaa ile sura ya Morn anaitwa Mark Allen Shepherd, ni mchoraji wa picha pia. Na kwenye ile episodi ya msiba, yule mtu wa Bajor anayekalishwa ili kiti kisipoe ndo yeye, bila mekapu, uso wake halisi. Nikarudisha nyuma mara tatu. Jamaa kaja kwenye msiba wake mwenyewe na sura yake ya nyumbani, kakalishwa kwenye kiti chake mwenyewe, na hakuna anayemjua. Hapo ndo nikasema lazima niandike.

Nawasilisha.

Mdau wa Kigamboni:

Mkuu umeandika vizuri ila unakuza mambo. Yule ni ekstra. Kule Marekani ekstra akitamka sentensi moja tu malipo yanabadilika, anahesabiwa muigizaji kamili. Wamebana hela, nyie mkaja kuita sanaa.

Mtoa mada:

Hilo la malipo ni kweli wala sikatai, ekstra na mwenye maneno hawalipwi sawa. Lakini ndugu yangu, baa ile ina ekstra mia kidogo na wote wako kimya, ni yupi kati yao watu wanamsema kwamba ana mdomo? Ukimya wa wale wengine hauna habari. Ukimya wa Morn umeandikwa, mtu kakaa na kalamu akaamua kila mtu amlalamikie kwa maneno mengi halafu tusiyasikie. Mwenye kubana hela hawezi kukupa mke wa uongo, mama mwenye siku ya kuzaliwa na tumbo la pili.

Mdau wa Sinza:

Naomba niongeze kitu, Morn ukipangua herufi unapata Norm. Kulikuwa na tamthilia ya vichekesho ya Marekani ya Cheers, 1982 mpaka 1993, baa tupu mwanzo mwisho, na kaunta pale pembeni kakaa bonge mmoja anaitwa Norm, akiingia baa nzima inamuita jina. Zote mbili za Paramount. Kwahiyo walimchukua mlevi wao wa duniani wakampeleka angani. Tofauti ni kwamba Norm anaongea.

Mtoa mada:

Asante mkuu, M-O-R-N, N-O-R-M, nilijua ila nikasahau kuweka. Na cheki akili, Cheers imeisha 1993 mwaka huohuo huyu kaanza. Kama zamu.

Mdau wa Mbagala:

Mimi nimekulia kibanda umiza, mia mbili yako unaingia unakaa kwenye benchi, muvi imetafsiriwa na dijei. Sasa nawaza huyu Morn angepita pale. Dijei lazima angempa sauti, hakuna dijei anaacha mdomo umefungwa. Kakaa zake kimya, unasikia "leta moja baridi, hawa mambwa wanadhani sijui wanachopanga, ngoja nimalize hii glasi nitawaonesha mimi mtoto wa Kipemba".

Mtoa mada:

Nimecheka mpaka mteja kaniuliza vipi. Lakini unaona hapo dijei angekuwa kaua kila kitu. Na ndo madijei wetu walivo, hawavumilii ukimya, mtu akiwaza wanamuwazia kwa sauti. Nawapenda ila Morn wamuache.

Mdau wa Tabata (kwetu Geita):

Mimi nimeishia pale dhahabu inaitwa takataka. Roho imeniuma siriasi. Nina baba mdogo kashinda mashimoni miaka ishirini anatafuta hilo ganda la pipi.

Mtoa mada:

Pole mkuu. Quark mwenyewe alilia.

Mdau wa Ilala:

Swali. Unasema anajengwa na umbea. Je kama wote wanadanganya? Labda Morn kweli haongei na hao wengine wanamsingizia tu, kila mtu anajifanya rafiki wa Morn.

Mtoa mada:

Dah. Hili swali limenilaza macho na ndo sababu nimechelewa kujibu. Sidhani ila nitakwambia kitu kilichonitokea, mpime wenyewe.

Hapa mtaani kwetu kuna grosari, na pale pembeni ya friji kulikuwa na mzee mmoja. Kiti chake cha plastiki cha bluu, mguu mmoja umefungwa waya. Kila jioni yupo, Safari moto, dada wa kaunta alikuwa hamuulizi tena moto au baridi, anaweka tu. Mimi nimepita pale kama miaka minne, nachukua yangu nasimama kidogo naondoka. Kila mtu ananiambia mzee yule ana stori, mzee yule ana maneno, jana katuvunja mbavu. Mimi sijawahi kumsikia. Nikiingia ananyanyua chupa kidogo kunisalimia, namuamkia shikamoo mzee, anatikisa kichwa, basi. Nikitoka nje tu nasikia kicheko ndani! Nikawa nadhani labda ananiona mshamba.

Mwaka huu mzee karudi kwao, watoto wamemjengea. Hakuaga mtu, siku moja kiti kiko wazi. Na hakuna aliyekikalia. Grosari imejaa Jumamosi, watu wamekaa kwenye makreti, kiti cha bluu kiko pale peke yake na waya wake.

Ijumaa nimefika nimechoka, nimebeba boksi la bushi za mteja, dada akaniambia kaka kaa hapo, kisikae bure. Nikakaa. Nikaagiza moto, nikanywa, simu ikiwa na chaji asilimia tatu kwahiyo hata kuangalia chochote sikuweza. Nikaangalia tu watu. Jumamosi nikakaa tena. Jana pia. Siku zote tatu maneno yangu ni "moto" na "bei gani" na "usiku mwema".

Jana natoka nikasahau boksi, nikarudi, niko mlangoni nikasikia dada anamwambia mteja mmoja mgeni, "Huyo aliyetoka? Muuza spea. Akianza kuongea huyo humnyamazishi."

Mdau wa Kigamboni:

Mkuu, kwa urefu wa uzi huu dada hajakusingizia.